Mimi hapa, mwanangu

Bwana Yesu asifiwe, wapendwa. Wiki hii nilijiandaa tuendelee na Wafilipi, lakini Jumanne asubuhi Mungu alinikamata kwenye foleni ya pale Mama John, jijini Mbeya. Wafilipi watatusubiri.

Kijana wangu yuko darasa la 6. Kila siku saa 12 na nusu tunatoka Uyole, namshusha shuleni ndipo niende kazini. Mnajua hali ya barabara tangu upanuzi uanze: malori ya Tunduma mbele, malori nyuma, vumbi katikati, bajaji zinapenya pembeni. Dakika 40 tumekaa bega kwa bega. Nilikuwa nasikiliza ujumbe wa sauti wa kamati (ya ujenzi wa kanisa, msinicheke) aliposema, "Baba." Nikamjibu, "Ngoja kwanza." Gari likasogea hatua mbili. "Baba." "Si nimesema ngoja?" Ujumbe ulipoisha nikamwuliza, haya, ulikuwa unasemaje? Akageukia dirishani. "Basi tu."

Hiyo "basi tu" imeninyima usingizi.

Maana mimi nimelelewa ndani ya Land Rover. Marehemu baba alikuwa akinunua mbatata Isyonje na kuzishusha Mwanjelwa, na siku za Jumamosi alinichukua. Kule juu ukungu ni mzito, kioo kinalia maji, kitambaa cha kufutia kilikuwa kazi yangu. Baba hakuwa mtu wa maneno nyumbani. Mezani alikula na kunyamaza. Lakini akishika usukani, ulimi ulifunguka. Kwenye mteremko wa Igawilo alikuwa anaweka gia namba 2 na kusema, "Mlima unaushuka kwa gia uliyoupandia. Wanaotegemea breki peke yake tunawaokota huko chini." Nilidhani ananifundisha gari.

Siku moja, nikiwa kidato cha 2, nilikuwa nimechomoa hela kwenye mauzo yake. Si nyingi, lakini zilikuwa zinaniunguza mfukoni. Najua alijua. Hakuniuliza. Tulipoanza kuteremka akaanza kunisimulia habari za lumbesa. Mnaijua lumbesa: gunia la kilo 100 linajazwa hadi mdomoni, kisha linaongezewa wavu juu na kushonwa kwa kamba, mkulima analipwa gunia moja tu. Akasema kuna mama mmoja mjane ambaye yeye baba alinunua kwake hivyo misimu miwili mfululizo, na yule mama kila mara alimshukuru, "Ndaga fijo," huku anaona kabisa anaibiwa. "Ile ndaga yake ilinifuata hadi kanisani," baba akasema. "Nilirudi kwake nikamlipa. Niliona aibu kuliko siku zote za maisha yangu."

Akanyamaza. Injini ikaunguruma. Kabla hatujafika Uyole nilikuwa nimeshatoa zile hela na kuziweka juu ya dashibodi, nalia. Hakunigeukia, macho yake barabarani. Alisema tu, "Haya. Futa kioo."

Wapendwa, nimesikia mahubiri mengi juu ya Mithali 11 na mizani ya hadaa. Hakuna lililonipata kama lile, kwa sababu aliyehubiri alianza na dhambi yake mwenyewe.

Sasa njooni Mwanzo 22. Tunaisoma sana kwa ajili ya imani ya Ibrahimu, aliyeambiwa na Mungu amtoe mwanawe Isaka sadaka, lakini wiki hii nimekwama kwenye ile njia. Siku 3 za safari, baba na mwana. Isaka anaita, "Babangu." Hebu fikiri huyo mzee ana nini moyoni saa hiyo! Kama kuna baba aliyekuwa na sababu ya kusema "ngoja kwanza", ni yeye. Lakini anajibu, "Mimi hapa, mwanangu." Rudini mstari wa kwanza, Mungu alipomwita alijibu nini? "Mimi hapa." Na malaika alipomwita kutoka mbinguni? "Mimi hapa." Neno lilelile. Sikio alilompa Mungu ndilo alilompa mtoto. Na swali la mtoto lilikuwa gumu: moto upo, kuni zipo, mwana-kondoo yuko wapi? Ibrahimu hakuwa na jibu kamili. Alimpa alilokuwa nalo, wakaendelea wote wawili pamoja.

Akina baba, niwaseme kidogo, nikianzia na mimi. Tumekuwa madereva wa watoto wetu. Tunawapakia, tunawashusha, tunalipa ada, tunasema tumewajibika. Na wengine wetu, siku tukifungua mdomo, gari linageuka mahakama: "Matokeo haya ni ya mtoto gani? Unajua nalipa shilingi ngapi?" Mtoto hana pa kukimbilia, mlango umefungwa, mkanda amefunga. Halafu tunashangaa wanamweleza kila kitu konda wa daladala na si sisi. Huna gari? Hata Ibrahimu alikuwa na punda. Kuna njia ya shambani, kuna njia ya kutoka ibadani. Torati inasema "utembeapo njiani", haikusema na nini. (Filipo naye alimsikiliza kwanza mtu anasoma nini, ndipo akapanda gari lake, lakini hiyo tuiache siku nyingine.)

Alhamisi nilizima simu nikaiweka kiti cha nyuma. Kituo cha Nanenane tukapita kimya. Sae, kimya. Nilitaka kuanza kusema mimi, nikauma ulimi. Tulipogota tena Mama John, nyuma ya lori la mafuta, akasema, "Baba."

"Nipo, mwanangu."

"Hivi babu alipokuwa anakaribia kufa, aliogopa?"

Lori likasogea, mimi nikabaki, wa nyuma akapiga honi. Nikamwambia, ndiyo, aliogopa, aliniambia mwenyewe. Nikamsimulia safari yetu ya mwisho, mimi kwenye usukani na babu yake upande wa abiria amejifunga blanketi, tukishuka Igawilo ileile kwa gia namba 2, na maneno aliyoyasema njia nzima.

Tulifika shuleni kengele imeshagongwa.