Chumba cha marubani cha plaiwudi: sasa tunaruka wawili

Vishikio vya nguvu za injini vya simuleta ya ndege ninayojijengea vimekamilika. Vimeunganishwa na Arduino (bodi ndogo ya kielektroniki ya kudhibiti vifaa) na programu ya simuleta inavisoma vizuri. Plaiwudi ya upande wa kulia bado haina rangi, itasubiri. (Fundi mbao ameniuliza kama nikimaliza nitapaa nacho kweli.)

Kazi ya mwezi huu haikuhitaji msumeno: watu wawili kuendesha Boeing 737 moja. Mgawanyo ni ule wa mashirika ya ndege. Mmoja anarusha, mwingine anafuatilia vipimo, anashika redio, anasoma orodha ya ukaguzi, anashusha flapu (vibao vya nyuma ya mbawa) na magurudumu anapoagizwa.

Ugumu uko kwingine. Mwenzangu ni binamu yangu, yuko kidato cha nne na ananiita kaka. Kunikatiza nikiwa kwenye usukani anaona ni utovu wa adabu. Kasi inashuka, yeye anakohoa tu! Nikamsimulia ndege ya DC-8 ya shirika la United iliyoanguka Portland, Marekani, Desemba 28, 1978. Kapteni alizama kwenye tatizo la magurudumu, wenzake wakawa wanataja mafuta kwa upole, mpaka injini zikazima. Watu 10 walikufa. Mwaka uliofuata NASA, shirika la anga la Marekani, iliitisha warsha juu ya namna wahudumu wa chumba cha marubani wanavyofanya kazi pamoja, na 1981 United ikaanza kuwafundisha marubani wake hilo.

Kwa hiyo tumekubaliana maneno. "Kaka, kasi." Nisipojibu, anarudia. Nikinyamaza mara ya pili, anasema "ndege yangu" na kuchukua usukani, na mimi naachia bila ubishi.

Kanuni ya pili inatoka karibu na kwetu. Mei 5, 2007, usiku, Boeing 737-800 ya Kenya Airways iliondoka Douala, Kamerun. Kapteni alisema "OK, command", yaani otopailoti (mtambo unaoirusha ndege wenyewe) iwe imewaka, lakini haikuwashwa na hakuna aliyehakikisha. Ndege ikalala kulia polepole gizani mpaka ikaanguka. Wote 114 walikufa. Kwetu, anayerusha anaomba otopailoti, anayefuatilia anabonyeza, lakini haihesabiki kuwa imewaka mpaka anayerusha asome kwa sauti CMD (kifupi cha "command") ya kijani kwenye skrini. Binamu aliona ni maneno mengi kwa kitufe kimoja. Safari hii nilimkatalia.

Siku hizi anakohoa mara chache tu. Kinachofuata: injini kuzimika wakati wa kupaa, kwanza yeye akiwa kiti cha kushoto, cha kapteni. Na rangi, nikipata brashi.