Waingia au Wangoja?

Makuti yakilowa yana harufu yake, kama kikapu kilichosahauliwa kando ya kisima. Jumamosi mvua ilitukuta mimi na binti yangu kwenye kile kikanisa cha Wareno pale Malindi. Tukajibanza chini ya paa, na harufu ile ikanirudisha kwa mzee, mwaka niliomaliza kidato cha nne.

Mwaka ule nilikuwa mtu wa mihadhara. Jioni nikitoka Kakuyuni kuja mjini na Biblia na daftari la hoja: huku aya zangu, huku majibu ya watakayoniuliza. Utatu nilikuwa nao, msalaba nilikuwa nao. Mpaka ustadhi mmoja mpole, wala hakupaza sauti, aliponiuliza: "Kijana, ungezaliwa kwangu, hoja hizi ungeziandika?" Watu wakacheka. Nami nikacheka, meno nje, moyoni moto.

Nilifika nyumbani usiku. Baba alikuwa uani akishona makuti, kandili kando ya goti. Yeye alibatizwa akiwa mtu mzima, mimi tayari natambaa, kwa hiyo niliamini lazima kuna hoja iliyomshinda, nzito kuliko zote za daftarini, na kwamba alikuwa ameniwekea tu.

"Baba, ni nani aliyekushawishi?"

Akakunja jani juu ya ufito, akapitisha kamba, akavuta. Akachukua jingine. Nilihesabu majani saba.

"Hakuna. Ilikuwa mvua."

"Mvua?"

"Natoka shamba, nikajikinga kwenye baraza ya kanisa. Kasisi akachungulia, akaniuliza, 'Waingia au wangoja ikatike?' Nikaingia."

"Na ilipokatika?"

Hapo ndipo mikono iliposimama. Akatazama lile rundo la makuti kama mtu anayehesabu yaliyobaki, nami nikasogea karibu, nikijua sasa inakuja.

"Nikaona nibaki."

"Lakini baba, hiyo si hoja!"

"Kwani nimesema ni hoja?"

"Ustadhi atatucheka."

"Mwache acheke. Nipe ufito ule."

Nikampa. Nililala bila kula, na usiku ule kulikuwa na samaki wa kupaka. Hilo bado linaniuma.

Daftari liliishia kufungia njugu. Nilikwenda chuo Nairobi, na huko nikasoma habari za Pascal, yule Mfaransa wa hisabati. Alipofariki mwaka 1662, walikuta ndani ya koti lake karatasi aliyoishonea mwenyewe, ya usiku mmoja wa mwaka 1654: Mungu wa Ibrahimu, wa Isaka, wa Yakobo, si wa wanafalsafa. Mtu mwenye kichwa kile! Nikamkumbuka mshonaji wangu.

Binti yangu nilimsimulia pia habari za Fransisko Xavier, yule mmisionari aliyepita Malindi mwaka 1542 akielekea India. Katika barua yake anaeleza jinsi alivyozungumza na Mwislamu mmoja mashuhuri wa hapa kuhusu sala. Waliongea sana, na kila mmoja akabaki na lake. Mhadhara kabisa, miaka karibu mia tano nyuma, na bado matokeo ni yale yale.

Mvua tu, basi? Ningeamini hivyo, isingekuwa Jumapili ile baada ya kumzika mama. Jua lilikuwa kali, hata wingu la kusingizia halikuwepo. Ndugu zake wenyewe walimwambia apumzike. Mzee akavaa shati lake jeupe, akakosea vifungo, akashika njia ya kanisa peke yake. Sisi watoto tulibaki barazani tukitazamana. Sikumfuata. Sababu zilikuwepo, tena nzuri.

"Kwa hiyo babu alikuwa akikimbia mvua tu?" binti yangu akauliza.

"La. Kwanza kabisa," nikaanza, kidole juu, "kuna mambo matatu..."

Akanitazama kwa upole, kama ustadhi yule, kisha akatoa mkono nje ya paa kuona kama bado inanyesha.