Mlima Kenya kwa miguu: mkeka wa kulalia tuubebe au tuuache?

Tulipanda Mlima Kenya kwa lango la Sirimon ili tushukie Chogoria, na begi lilipojaa, kitu cha kwanza kutaka kutolewa kilikuwa mkeka wa kulalia. Wa sponji una gramu 400 hivi. Si uzito wa kulalamikia, ila hauingii ndani ya begi. Hufungwa nje, ukakwama kwenye kila kichaka.

Kwa upande wa Sirimon pekee, uache. Kwenye kambi za Old Moses, mita 3,300, na Shipton's, mita 4,200, kuna mabweni yenye vitanda, mradi uwe umelipia nafasi mapema. Hali hubadilika ukishapita kilele cha Point Lenana, mita 4,985, na kuteremkia bonde la Gorges kuelekea Ziwa Michaelson. Huku tulilala hemani, juu ya nyasi za mafungumafungu zilizoota kwenye udongo wenye maji, na usiku maji hayo huganda.

Mfuko wa kulalia, hata uwe wa bei gani, hauwezi kazi hiyo peke yake. Joto hutunzwa na hewa iliyonaswa ndani ya manyoya. Ukiyalalia yanabanwa, hewa inatoka, na mgongo unabaki na vitambaa viwili tu dhidi ya barafu. Hata zile nyuzi joto zilizoandikwa kwenye lebo ya mfuko hupimwa ukiwa umetandikwa juu ya mkeka.

Kipimo cha kuangalia dukani ni R, yaani uwezo wa mkeka kuzuia joto la mwili lisipotelee ardhini; R ikiwa kubwa, kinga ni kubwa. Sponji nyingi zina R ya 2, haba kwa baridi ya huko juu. Magodoro ya kupuliza yaliyotengenezewa baridi hufika 4 au zaidi kwa takriban gramu 500. Yale ya ufukweni hayana kinga ya maana, usidanganywe na unene. R hujumlishwa: sponji ya 2 chini ya godoro la 3 inakupa 5, na miiba inakutana na sponji kwanza. Ningebeba hivyo, sponji nikiikata sentimita 120, kuanzia mabegani hadi magotini, na miguu niiweke juu ya begi tupu.

Godoro la upepo lina vituko vyake. Ukilikunja langoni likiwa na hewa na valvu imefungwa, litavimba njiani kwa sababu juu mlimani kanieneo ya hewa ni ndogo; valvu iache wazi. Ukilijaza jioni kwenye nyuzi 15, kufika nyuzi −5 hewa imenywea karibu asilimia 7, godoro linalegea. Hiyo si pancha. Ongeza pumzi kabla ya kulala.

Pancha ya kweli itafute kwa povu la sabuni, mbali na ziwa. Futa kwa spiriti, kausha kabisa, ndipo ubandike kiraka. Gundi kwenye baridi hukauka polepole mno, kwa hiyo fanya kazi hiyo mchana, kiraka kikiwa juani, si saa mbili usiku kwa mwanga wa tochi.