Sakafu ya bahari inatembea, na inapimwa kwa mlio tu

Jamani hii habari ya sakafu ya bahari kutembea huwa hainitoki kichwani. Katikati ya Atlantiki mabamba ya miamba yanaachana taratibu mno, kama sentimita mbili na nusu hivi kwa mwaka. Sehemu zingine bamba moja linazama chini ya lingine na hapo ndo balaa lilipo, maana yanang'ang'aniana miaka na miaka, siku yakiachiana ndo tetemeko na tsunami.

Sasa utajuaje kama yameng'ang'aniana au yanateleza? Nchi kavu unafunga kifaa cha GPS kwenye mwamba basi. Chini ya bahari haifanyi kazi, mawimbi ya redio yanafia kwenye maji. Kwa hiyo wanashusha vifaa vinakaa huko chini kabisa, halafu meli inakuja juu yake, yenyewe inajua ilipo kwa setelaiti, inapiga mlio, kifaa kinaitikia, wanahesabu muda mlio ulioenda na kurudi. Sauti majini inakimbia kama mita 1,500 kwa sekunde, ila joto na chumvi vikibadilika spidi nayo inabadilika, inabidi wapime na maji yenyewe, warudierudie ule mlio mpaka wajue kifaa kilipo kwa sentimita chache tu. Hapa ndo napapenda kuliko pote.

Tetemeko la Japani la tarehe 11 Machi 2011, kituo kimoja cha namna hii kilikuwa karibu na lilipoanzia, walivyorudi kupima wakakuta kimesogea mita 24. Mita 24 jamani! GPS za nchi kavu zilikuwa zimeonyesha kama mita 5 hivi pale zilipozidi sana. Na karibu na mfereji wenyewe, lile bonde refu la chini ya bahari bamba linapoanza kuzama, walipolinganisha ramani za kina cha bahari za kabla na baada, sakafu ilikuwa imesogea kama mita 50, sehemu ambayo wengi waliamini haiwezi kuruka hivyo. Mwaka 2012 meli ya Chikyu ikaenda kutoboa palepale, kina cha maji peke yake karibu kilomita 7, wakaukuta ufa, yaani pale mabamba mawili yanapogusana na kuteleza, ni tabaka jembamba la udongo wa mfinyanzi, halifiki mita 5, laini linateleza vibaya.

Inaniuma kwamba mifereji mingi duniani bado haina vifaa hivi, kisa meli ni ghali. Siku hizi wameanza kutumia vyombo visivyo na mtu, vinaelea juu vinapiga mlio vyenyewe, na mimi matumaini yangu yote yako hapo.