Milimita 67 zilizotugeuza kuelekea kusini

Baba yangu mdogo alifanya kazi ya gengi kwenye reli ya TAZARA, ile ya kutoka Dar es Salaam hadi Kapiri Mposhi nchini Zambia, katika kipande cha kati ya Igurusi na Mbeya, na nyumbani kwake kulikuwa na ufito wa mwanzi ambao sisi watoto tulikatazwa kuuchezea. Ncha zake mbili zilikuwa zimesuguliwa mpaka zikang'aa, na urefu wake ulikuwa milimita 1,067 kamili, yaani nafasi iliyopo kati ya uso wa ndani wa chuma kimoja cha reli na uso wa ndani wa chuma cha pili. Kazini alikuwa na kipimo rasmi cha chuma. Ule wa mwanzi aliukata mwenyewe kwa sababu alipenda kueleza mambo kwa mikono. Jumapili moja alitupeleka hadi relini karibu na Inyala, akaulaza ufito kati ya vyuma viwili, ukaingia bila kulegea wala kubana. Kisha akafunika ncha moja kwa vidole vitatu vya mkono wake mpana na kutuambia, "Wanangu, reli ya kwenda Tabora ni ya mita moja, inaishia hapa. Sisi tumezidi hivi tu, na kwa hivi tu behewa letu haliendi huko."

Watu wanapoandika matukio makubwa ya historia ya reli hupenda kuhesabu sherehe: siku utepe ulipokatwa, siku marais walipopanda behewa la kwanza, siku taruma la mwisho, yaani boriti ya kulalia vyuma vya reli, lilipolazwa. Sina ugomvi na sherehe, na nyingine nitazitaja hapa, lakini kwa mtu aliyezaliwa Mbeya naona tukio kubwa kuliko yote ni moja lisilo na picha wala hotuba, nalo ni uamuzi wa upana wa reli. Ukilitazama vizuri, utaona kioja ambacho hatukizungumzi sana: reli iliyojengwa ili Zambia isitegemee tena njia za walowezi wa kusini ilijengwa kwa kipimo kilekile cha reli za walowezi hao.

Ugomvi wa upana ni wa zamani kuliko reli yoyote ya Afrika. George Stephenson, aliyejenga reli za kaskazini mwa Uingereza, alitumia upana ambao leo tunauita milimita 1,435. Isambard Kingdom Brunel, aliyepewa reli ya kutoka London kuelekea magharibi, aliudharau akatumia upana wa zaidi ya mita 2, akiamini kuwa treni pana hutulia zaidi na hukimbia zaidi. Mifumo hiyo miwili ilipokutana katika mji wa Gloucester, kila gunia, kila kreti na kila mnyama alilazimika kuteremshwa behewa moja na kupandishwa jingine, na vurugu iliyotokea hapo ilichangia Bunge la Uingereza kupitisha sheria ya mwaka 1846 iliyoutambua upana wa Stephenson kuwa wa kawaida. Hata hivyo, mabaki ya reli ya Brunel yalidumu hadi mwaka 1892. Kubadili upana ni kazi nzito kuliko kupitisha sheria yake.

Lakini si nzito kila mahali kwa kiwango kimoja. Reli nyingi za majimbo ya kusini mwa Marekani zilikuwa na upana wa futi 5, na kuanzia tarehe 31 Mei 1886, kwa muda wa saa 36 hivi, maelfu ya vibarua walisogeza chuma kimoja cha reli kwa inchi 3 katika mtandao wa takriban kilomita 18,500. Inchi 3 ni milimita 76, yaani zaidi ya vidole vitatu vya baba mdogo. Nilipoisoma habari hii mara ya kwanza nilijiuliza kwa nini sisi tusifanye vivyo hivyo, kisha nikakumbuka mataruma. Yale ya Wamarekani yalikuwa ya mbao. Unang'oa msumari, unasogeza chuma, unapigilia msumari mahali papya. Mataruma ya TAZARA kwa sehemu kubwa ni ya zege, na mahali pa kufungia chuma paliamuliwa tangu zege lilipomiminwa kwenye kalibu, kwa hiyo anayetaka kuhamisha chuma kwa vidole vitatu atupe kwanza mataruma yote, kisha ageukie magurudumu ya kila kichwa na kila behewa.

Kipimo chetu chenyewe kilitoka mbali. Reli ya kwanza ya Koloni la Cape, ambalo leo ni sehemu ya Afrika Kusini, ya kutoka Cape Town hadi Wellington, ilikuwa ya upana wa Stephenson. Serikali ya John Molteno, waziri mkuu wa koloni hilo, ilipotaka kuivusha milimani ili iende bara, gharama ya kuchimba njia pana kwenye majabali ilitisha, na mwaka 1873 ukachaguliwa upana wa futi 3 na nusu, yaani milimita 1,067, kwa sababu reli nyembamba hukubali kona kali zaidi na haihitaji kuchonga mlima sana. Kwa hiyo kipimo hiki kilizaliwa kwa ajili ya milima, jambo ambalo kwa mtu wa Mbeya lina utamu wake. Kuanzia hapo kilipanda kaskazini pamoja na tamaa ya Cecil Rhodes ya kuunganisha Cape na Cairo, kikavuka daraja la Victoria Falls mwaka 1905 na kufika Broken Hill, ambayo leo ni Kabwe, mwaka uliofuata. Upande wetu, Wajerumani walianza reli ya Tanga mwaka 1893 kwa upana wa mita moja, wakaanza Reli ya Kati mwaka 1905 kwa kipimo hichohicho na kuifikisha Kigoma mwaka 1914. Waingereza nao walijenga reli ya Uganda kutoka Mombasa kwa mita moja, wakitegemea vifaa na vibarua kutoka India. Afrika Mashariki ikawa ya mita moja, kusini kukawa kwa Cape, na Nyanda za Juu Kusini zikabaki katikati bila reli yoyote.

Katikati hapo ndipo siasa zilipotukuta. Tarehe 11 Novemba 1965 serikali ya Ian Smith ilijitangazia uhuru wa walowezi huko Rhodesia, ambayo leo ni Zimbabwe, na Zambia, ambayo shaba yake ilikuwa ikipita humo kwenda bandarini, ikajikuta imeshikwa koo. Benki ya Dunia na nchi za Magharibi hazikukubali kugharamia njia mpya kupitia Tanzania. Mafuta na shaba vikaanza kupita kwa malori kwenye barabara ya vumbi na matope iliyovuka nyanda zetu, na mwaka 1968 likakamilika bomba la mafuta la TAZAMA kutoka Dar es Salaam hadi Ndola. China ndiyo iliyokubali kujenga reli: makubaliano yalitiwa saini Beijing tarehe 5 Septemba 1967, mkopo ukawa wa yuan milioni 988 usio na riba, na mwezi Oktoba 1970 Mwalimu Nyerere na Rais Kaunda wakazindua ujenzi.

Wachina wenyewe kwao hutumia milimita 1,435, na Tanzania ilikuwa na mita moja. Kipimo kilichochaguliwa hakikuwa cha mjenzi wala cha nchi ambayo zaidi ya nusu ya reli ingepita ndani yake. Kilikuwa cha Zambia, ili behewa la shaba liweze kutoka kwenye mtandao wa Zambia na kufika bandari ya Dar es Salaam bila mzigo kushushwa njiani. Na mtandao wa Zambia ulirithiwa kutoka Rhodesia, na Rhodesia iliurithi kutoka Cape.

Kazi ilienda haraka kwenye tambarare, na kufikia mwisho wa mwaka 1971 vyuma vilikuwa vimefika Mlimba, kilomita 502 kutoka Dar es Salaam. Kisha ukaja ukuta. Kutoka Mlimba katika bonde la Kilombero hadi Makambako ni kilomita 158 tu, lakini reli yote ina mahandaki 22, na 18 kati ya hayo yamo humo, pamoja na madaraja 46. Daraja la Mpanga lina nguzo za kiasi cha mita 50. Mvua za huko si mvua za kuchezea; udongo hulegea, mlima hushuka, na tuta lililojengwa mchana huweza kukutwa asubuhi liko mtoni. Zaidi ya wafanyakazi 160 walikufa katika ujenzi wa reli hii, na zaidi ya 60 kati yao walikuwa Wachina. Kule Gongo la Mboto, Dar es Salaam, kuna makaburi yao. Msafiri anayepita kipande hicho mchana akae dirishani, kwa sababu treni huingia gizani na kutoka juu ya korongo, kisha huingia tena gizani kabla macho hayajazoea mwanga.

Kuanzia Makambako njia inatulia, inapita Rujewa na Chimala, halafu inapanda tena hadi Uyole, ambako hufika mita 1,789 kutoka usawa wa bahari, mahali pa juu kabisa katika kilomita zote 1,860. Ni pale pale ambapo magari ya Tukuyu na Malawi huacha barabara kuu, na sidhani kama katika watu mia wanaonunua viazi hapo yupo mmoja anayejua kuwa amesimama kileleni mwa TAZARA. Tarehe 27 Agosti 1973 vyuma vilivuka mpaka wa Tunduma, tarehe 7 Juni 1975 vikakamilika Kapiri Mposhi, na tarehe 14 Julai 1976 reli ikakabidhiwa rasmi.

Hapo ndipo kioja cha kipimo kilipojitokeza. Mwaka 1978 Zambia, kwa kubanwa na uchumi, ilifungua tena njia ya kusini, na kwa kuwa upana ni mmoja, mabehewa yalirudi huko bila shida. Mwaka uliofuata makomando wa Rhodesia walilipua daraja la Chambeshi, kaskazini mwa Zambia, wakaikata TAZARA vipande viwili. Reli ya kumkimbia jirani ilimwachia jirani mlango wazi, na siku mlango usipomfaa yeye aliweza kubomoa ukuta.

Matokeo yake kwetu yanaonekana hadi leo. Treni ya kifahari ya Rovos Rail hutoka Cape Town hadi Dar es Salaam, na hupita Mbeya kwa magurudumu yaleyale iliyoondoka nayo. Mkulima wa Mbozi anayetaka kupeleka maharage Tabora kwa reli sharti mzigo wake uhamishwe Kidatu, ambako kituo cha kuhamishia kilijengwa mwaka 1998, au Dar es Salaam kwenyewe. Kwa hiyo huita lori, na simlaumu. Dar es Salaam sasa ina reli za vipimo vitatu: mita moja ya Reli ya Kati, milimita 1,067 yetu, na milimita 1,435 ya reli mpya ya umeme iliyoanza kubeba abiria mwaka 2024. Nimewahi kushuka stesheni ya TAZARA na gunia la mchele wa Kyela, kisha nikalibeba kwa bajaji kupitia foleni ya Barabara ya Nyerere ili nikapande treni ya umeme ya Dodoma. Gloucester ya mwaka 1845 nimeibeba begani.

Mwalimu mmoja mstaafu ambaye hunywa chai nami pale Mwanjelwa anashikilia kuwa tulikosea, kwamba tungejenga kwa mita moja Mbeya ingekuwa imefungamana na Tabora, Mwanza na Kigoma. Siafikiani naye. Reli ya mita moja ingekuwa na Kidatu yake Kapiri Mposhi, na shaba, ambayo ndiyo iliyofanya mkopo upatikane, ingeshushwa na kupakiwa upya kila siku. Tungepata njia ya kwenda Tabora kwenye karatasi tu, kwa sababu reli yenyewe isingejengwa. Ninachokubaliana naye ni kwamba nchi ilipaswa kutuambia tangu mwanzo kuwa tunageuzwa uso kuelekea kusini, badala ya kutuachia tugundue wenyewe kwa kubeba magunia. Mwezi Septemba 2024 Tanzania, Zambia na China zilitia saini Beijing makubaliano ya kuifufua TAZARA, na kila ninapomuuliza fundi kuhusu kazi hiyo naanza na upana, hata akicheka.

Baba mdogo amekwisha tangulia mbele ya haki. Nilipokwenda Igurusi kumsalimu mama mdogo niliuulizia ule ufito, akanionyesha mlango wa banda la kuku, ambako sasa ndio komeo. Ulikuwa mrefu mno kwa mlango ule, akasema, kwa hiyo aliupunguza kidogo kwa panga. Nilitaka kuupima, kisha nikaogopa kukuta umebaki mita moja.