Kuishi na grehaundi Tabora: macho yake ndo yanaongoza kila kitu

Mbwa wetu anaitwa Twiga, watoto ndo walimpa hilo jina kwa ajili ya shingo na miguu. Ni jike, grehaundi halisi, wale mbwa wembamba wa mbio, alikuja kwetu hapa Ipuli pale bosi wa mume wangu alipohamishwa akawa hana namna ya kuondoka naye. Mimi nimekua na hawa mbwa wetu wa kawaida, wale wa kulala nje na kubwekea wageni, nikajua mbwa ni mbwa tu. Kumbe sivyo kabisa.

Wiki ya kwanza nilikuwa na hofu tupu. Analala. Yaani asubuhi kalala, mchana kalala, jioni anatoka kidogo anarudi kulala, na sisi watu wa Tabora mbung'o tunamjua vizuri, nikasema basi huyu ameshaambukizwa nagana, nikampakia kwenye bajaji mpaka kwa daktari wa mifugo. Akampima joto, akamfunua fizi, akachukua damu, akaniambia mama huyu mzima, hawa kulala masaa 16 na zaidi kwa siku ni kawaida yao, wameumbwa kwa mbio fupi za nguvu halafu mapumziko marefu. Nikamuuliza na mbavu je? Maana mama mkwe alipokuja toka Nzega, salamu haijaisha vizuri akaniuliza, "Mwanangu, huyu mnyama anakula kweli?" na mimi nilikuwa namwongezea ugali kila siku. Daktari akasema mbavu mbili tatu za nyuma kuonekana ndo afya yenyewe, acha kumnenepesha. Sasa anakula mara mbili kwa siku, ugali wa dona na dagaa wa Kigoma au utumbo wa ng'ombe, hakuna chumvi hakuna kitunguu, na akishakula hakuna kukimbia mpaka lisaa lipite na zaidi, kifua chake kirefu sana na tumbo linaweza kujisokota, hilo linaua.

Lakini kilichonifundisha kweli ni jogoo wa jirani.

Siku hiyo mwanangu alifungua geti kupokea maji, dakika moja tu. Twiga alikuwa amelala barazani. Ng'ambo ya barabara chini ya mwembe jogoo wa bibi jirani akapiga mbawa, basi, sijaona akinyanyuka, nimeona vumbi tu. Hawa wakiwa kasi kabisa wanafika karibu kilomita 70 kwa saa, mtoto wa binadamu utamkimbiza na nini? Nikaita mpaka sauti ikakauka, hakusikia, na nataka hili lieleweke, siyo ukaidi, mbwa wa aina hii huwinda kwa macho siyo kwa pua, jicho likishashika kitu kinachokimbia masikio ni kama yamezibwa. Jogoo akafa palepale.

Nilienda kwa bibi jioni ileile, nikapiga magoti, shikamoo bibi, marahaba mwanangu, nikamweleza nikamlipa elfu 30. Jogoo hakumsumbua sana. Kilichomuuma ni kwamba mbwa alipita juu ya mkeka wake wa kuswalia uliokuwa umeanikwa, na yeye ni mtu wa swala tano, mate ya mbwa ni najisi. Nikauchukua mkeka, nikasimamiwa na mjukuu wake kuuosha mara saba, ya kwanza kwa udongo, kama dini yao inavyotaka. Babu alikuwa amekaa kimya muda wote, ndo akasema kwenye sura ya Maida mbwa wa kuwinda aliyefundishwa ametajwa, na mawindo yake ni halali, na Waarabu wa jangwani wanafuga saluki, mbwa wembamba wanaowinda kwa macho kama huyu wako. "Fuga, ila mfunge." Nilishukuru sana siku ile.

Kumfunga nako kukawa kazi. Kichwa cha grehaundi ni chembamba kuliko shingo, kola ya kawaida akirudi nyuma hatua mbili imeshavuka masikio yuko huru. Nikaenda kwa fundi viatu pale sokoni na mchoro, akanishonea ya ngozi laini, pana vidole vinne, ina pete mbili na kitanzi kidogo, ukivuta inabana mpaka saizi ya shingo inaishia hapo, haimkabi. Tangu siku hiyo hajawahi kuvuka geti bila kamba, hata mara moja, hata akiwa mpole vipi. Mbio zake anapata Jumapili saa 12 asubuhi kwenye kiwanja cha shule chenye ukuta, mwalimu mkuu aliniruhusu, anazunguka mara tatu nne kwa kasi yote kachoka. Mwezi wa tisa na wa kumi jua likishapanda sithubutu, joto la hapa linaweza kumlaza.

Ngozi yake nayo ni nyembamba kama karatasi. Alipita karibu na seng'enge ikapasuka upana wa kiganja cha mkono, na nilipofika kwa daktari nilisema kabla hajagusa sindano, huyu ni grehaundi, nusu kaputi ya jamii ya thiopentali mwili wake unachelewa mno kuitoa. Akashona kwa ganzi ya palepale, mume wangu kamshika kichwa. Ukiwa naye hilo liseme mwenyewe usisubiri kuulizwa. Ndani analalia kipande cha godoro maana sementi inamchubua viwiko, na baridi ya mwezi wa sita na wa saba nimemshonea koti la blanketi kuukuu.

Bibi siku hizi akitaka kuwafungulia kuku wake anagonga ukuta wetu kwanza, "Mama, Twiga yuko ndani?" Namjibu yuko ndani bibi, amelala, ndo nasikia mlango wa banda unafunguliwa.