Nilivyopata A kwenye kozi ya afya binafsi na afya ya jamii baada ya kuachana na ushauri wa "kariri tu"

Kuna ushauri ambao kila anayeanza kozi ya utangulizi ya afya binafsi na afya ya jamii lazima apewe, na anayekupa anakupa kwa moyo mweupe kabisa: hiyo ni kozi ya kujazia, kariri maana ya afya, kariri vitamini, kariri kunawa mikono, umemaliza. Niliambiwa na wa mwaka wa pili, nikaambiwa na wa mwaka wa tatu, hadi mtu ambaye hajawahi kuisoma aliniambia. Nimemaliza na A yangu safi na bado nina hasira na huo ushauri, maana nimeona umewaangusha watu wenye akili nyingi tu.

Kukariri kunalipa kidogo, sikatai. Ile maana ya Shirika la Afya Duniani, kwamba afya ni kuwa vizuri kabisa kimwili, kiakili na kijamii na si kukosa ugonjwa au udhaifu peke yake, ipo kwenye katiba yao iliyoanza kutumika 1948 na itaulizwa. Azimio la Alma-Ata la 1978 na huduma ya afya ya msingi, itaulizwa. Mkataba wa Ottawa wa 1986 kuhusu kukuza afya, itaulizwa. Jioni moja zinakaa kichwani. Shida ni kwamba ukishazishika unajiona umemaliza kozi, halafu test ya kwanza inakuja na swali kama hili: mji mmoja una wagonjwa 300 wa kuhara, mji mwingine una 120, wapi tatizo ni kubwa zaidi? Darasa karibu zima liliandika mji wa kwanza, na maelezo marefu juu yake, vyoo, maji safi, elimu ya afya, kila kitu tulichokuwa tumekariri tukakimwaga pale. Jibu lilikuwa mstari mmoja: haiwezekani kujua, hujaambiwa kila mji una watu wangapi wala hao wagonjwa wamehesabiwa ndani ya muda gani. Mji wa kwanza ukiwa na watu 100,000 ni wagonjwa 3 kwa kila watu 1,000. Wa pili ukiwa na watu 10,000 ni 12 kwa kila 1,000, yaani tatizo ni mara nne. Lekchara aliporudisha karatasi hakutukaripia, aliuliza tu, "kati ya wangapi?" na akaendelea na somo.

Mimi hayo maneno nilibaki nayo. Kuanzia siku hiyo kila namba iliyopita darasani niliiandikia vitu vitatu pembeni, juu nani wamehesabiwa, chini kati ya nani, na muda gani. Basi. Haina gharama yoyote zaidi ya daftari na peni, na ndo imenibeba.

Mfano vifo vya watoto chini ya mwaka mmoja, hivyo vinahesabiwa kwa kila watoto 1,000 waliozaliwa hai. Vifo vya wajawazito na wazazi vinahesabiwa kwa kila watoto 100,000 waliozaliwa hai. Watu wanazichanganya kila mwaka, wanaweka 70 ya huku na 40 ya kule kwenye jedwali moja wanalinganisha wakati chini yake moja ni 1,000 na nyingine ni 100,000. Au chukua Japani, watu wanaishi miaka mingi kuliko karibu popote duniani, lakini ukihesabu vifo vya mwaka mzima kwa kila watu 1,000 unakuta vinazidi vya nchi nyingi zilizojaa vijana. Mtu wa kukariri anashangaa. Mtu aliyeuliza kati ya wangapi, tena wa umri gani, anaona haraka kwamba wazee wengi maana yake vifo vingi hata kama huduma ni nzuri, ndo maana inabidi ulinganishe umri kwa umri kabla hujasema nchi ipi ina afya mbovu.

Halafu John Snow, yule daktari wa London aliyechunguza kipindupindu. Hapa lazima nikae kidogo kwa sababu ndo sehemu ninayoipenda kuliko zote. Kila mtu anajua stori ya London 1854, kipindupindu, pampu ya Broad Street, mpini ukatolewa, watu wakapona. Madesa yanaishia hapo na ukiandika hivyo tu kwenye mtihani unapata alama mbili tatu unarudi nyumbani. Kwanza ugonjwa ulikuwa umeshaanza kupungua mpini unatolewa, watu wengi walikuwa wameshakimbia mtaa, na Snow mwenyewe alilisema hilo. Kazi yake nzito ni ile nyingine ya mwaka uleule. Kusini mwa London kulikuwa na kampuni mbili za maji, mabomba yao yanapita mitaa ileile, nyumba hii inapata maji ya kampuni moja na jirani anapata ya nyingine, matajiri kwa maskini wamechanganyika. Southwark and Vauxhall walikuwa wanavuta maji ya mto Thames sehemu yenye majitaka ya jiji. Lambeth walikuwa wameshahamisha chanzo chao 1852 wakaenda juu ya mto kabla haujafika jijini. Snow akaenda nyumba kwa nyumba kuuliza waliofiwa wanapata maji ya nani. Kwenye nyumba 40,046 za kampuni ya kwanza vifo 1,263. Kwenye nyumba 26,107 za Lambeth vifo 98. Gawanya sasa: karibu 315 kwa kila nyumba 10,000 dhidi ya karibu 37. Zaidi ya mara nane! Na hapo wachache tu walikubaliana naye kwamba ugonjwa unapita kwenye maji, wengi waliamini ni hewa chafu. Alifika kwenye jibu kwa kuhesabu vya juu na vya chini. Nikasema kama yeye aliweza bila kujua bakteria wanafananaje, mimi sina sababu ya kuogopa sehemu ya hesabu.

Na sehemu ya hesabu inayoua watu ni ya vipimo vya uchunguzi. Sensitiviti ni uwezo wa kipimo kumkamata aliye mgonjwa, spesifisiti ni uwezo wa kumwachia aliye mzima, hiyo kila mtu anakariri. Kisha swali linakuja: ugonjwa unao asilimia 1 ya watu, kipimo kina sensitiviti asilimia 90 na spesifisiti asilimia 90, mtu kapimwa kakutwa chanya, uwezekano kwamba anaumwa kweli ni kiasi gani? Na fomula ndefu hapo chini yenye alama za kutisha. Wenzangu walikesha na ile fomula, unaikariri jioni asubuhi imegeuka juu chini, ukikosea herufi moja umepotea. Kuna jamaa wa mwaka wa juu alitushauri tujibu tu 90 tusonge mbele, kwamba "kipimo si ni cha asilimia 90." Huo ushauri ni mbovu kuliko wote niliowahi kupewa, na bahati mbaya kuna watu waliufuata.

Mimi niliacha fomula nikachora watu 1,000. Kihalisia, duara kubwa, ndani naandika 1,000. Asilimia 1 ni watu 10, hao ndo wagonjwa, nawatenga pembeni. Kipimo kinakamata 9, mmoja kinamkosa. Upande wa pili wamebaki wazima 990, kipimo kinawaachia asilimia 90, kwa hiyo asilimia 10 kinawasingizia, hao ni 99. Sasa kusanya wote waliokutwa chanya, 9 wa kweli na 99 wa kusingiziwa, jumla 108. Kati ya hao 108 wanaoumwa ni 9. Mmoja kati ya 12! Yaani kama asilimia 8. Nilipopata hilo jibu mara ya kwanza nilirudia kuchora mara kadhaa maana sikuamini, na kila nikirudia linatoka lilelile. Halafu badilisha kitu kimoja tu, peleka kipimo hichohicho sehemu ambayo ugonjwa unao asilimia 20: wagonjwa 200, anakamata 180, wazima 800, anasingizia 80, chanya jumla 260, na 180 kati ya 260 ni kama asilimia 69. Kipimo ni kilekile, watu wamebadilika. Ukishaliona hilo kwa macho yako unaelewa kwa nini mtu akikutwa chanya kwenye uchunguzi wa jumla anarudiwa kwa kipimo kingine kabla hajaambiwa anaumwa, na kwa nini si kila ugonjwa unafaa kupima kila mtu. Nikawafundisha watu wa grupu letu, hakuna aliyerudi kwenye fomula tena.

Visa vipya na visa vyote vilivyopo navyo vinachanganya. Fikiria pipa la maji: yanayoingia kutoka bombani ni visa vipya, yaliyomo ni visa vilivyopo, yanayotoka ni waliopona na waliofariki. Ndo maana dawa za kufubaza virusi vya UKIMWI zinaweza kufanya asilimia ya wanaoishi na virusi isishuke, au hata ipande, huku maambukizi mapya yanapungua, kwa sababu watu hawafi kama zamani. Ukiona namba imepanda usikimbilie kuandika kwamba mpango umeshindwa.

Upande wa afya binafsi ndo wengi wanaudharau kabisa. Kuna asaimenti ya kubadili tabia yako moja na kuiandikia ripoti, na ushauri niliopewa ni uchague kitu rahisi, ujaze rekodi zote usiku wa mwisho. Sikufanya hivyo, nilichagua usingizi kwa sababu kweli nilikuwa silali vya kutosha na mtu mzima anahitaji saa 7 au zaidi. Waliobaki wakasema basi jikaze. Jikaze! Kozi nzima inafundisha kwamba kujikaza peke yake hakufiki mbali. Wanasaikolojia Prochaska na DiClemente wameonyesha mtu anayebadili tabia anapita hatua, hajafikiria kabisa, anafikiria, anajiandaa, anatenda, anadumisha, na karibu kila mwanafunzi anaruka moja kwa moja kwenye kutenda. Mimi muda mrefu niliutumia kwenye kujiandaa. Nilitafuta saa ya kawaida ya kuniamsha ili simu isiwe na sababu ya kulala chumbani, nikahamisha chaja ikawa mlango wa pili, nikawaambia wenzangu wasinitegemee kwenye grupu la usiku. Mambo yakaanza kwenda bila mieleka. Na kwenye rekodi niliandika kila usiku, mzuri na mbaya, maana ukisema "nililala vizuri usiku mwingi" swali ni lilelile, kati ya usiku ngapi? Wenzangu wengi waliandika tu siku walizofanikiwa na ripoti zao zilionekana nzuri mpaka lekchara alipouliza siku zilizobaki zilienda wapi.

Hilo la chaja, kubadili mazingira badala ya kujikaza, ndo lilinifungulia Geoffrey Rose, yule daktari Mwingereza wa makala ya 1985 inayotofautisha kinachomfanya mtu mmoja augue na kinachofanya jamii nzima iwe na wagonjwa wengi. Hoja yake ni kwamba watu wengi wenye hatari ndogo wanaweza kutoa wagonjwa wengi kuliko watu wachache wenye hatari kubwa. Mfano wake wa Down sindromu, hali ambayo mtoto anazaliwa nayo, ni mzuri: mama wa umri mkubwa ana hatari kubwa zaidi, lakini kwenye takwimu zake watoto wengi wenye hali hiyo walizaliwa na mama wenye umri mdogo kwa sababu hao ndo waliozaa zaidi. Kwa hiyo kwenye insha ya chumvi sikuishia kwamba kila mtu ale chini ya gramu 5 kwa siku. Niliandika pia kuhusu kupunguza chumvi kwenye vyakula vinavyotoka viwandani, maana hapo presha ya jamii kwa wastani inashuka kidogo na hakuna anayelazimika kujikaza. Hiyo insha ilirudi na alama nzuri kuliko zote nilizopata kwenye kozi.

Mtihani wa mwisho ulikuwa na swali la surua. Mgonjwa mmoja wa surua kwenye watu wasio na kinga kabisa anaambukiza kama 12 hadi 18, unachukua 1 unatoa 1 gawanya kwa hiyo namba, unapata asilimia kama 92 hadi 94 ya watu wanaotakiwa kuwa na kinga, ndo maana lengo huwekwa 95. Mpaka hapo kila aliyekariri alifika. Halafu swali likasema kliniki imechanja asilimia 95 ya watoto waliofika, je jamii imekingwa? Nikatabasamu nikaandika hapana, huwezi kusema, waliofika si watoto wote, ambao hawajawahi kufika kliniki hawamo kwenye ile hesabu ya chini na huenda wamekusanyika sehemu moja, na surua ikiingia hapo italipuka hata kama asilimia ya jumla inapendeza. Nikaongeza kwamba ningeomba orodha ya kaya zote badala ya daftari la kliniki, na ningeanza na kaya zilizo mbali zaidi.